Kufungua Mzinga Mara Mia na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Nimeonewa. Naandika ili ijulikane.

Chama chetu cha wafugaji nyuki kimepitisha sheria mpya. Kila mwenye mizinga ndani ya msitu wa kijiji hapa Busunzu awe na cheti cha ufugaji kabla Agosti haijaisha. Asiye nacho, mizinga itoke, nafasi apewe mwingine. Mtihani unafanyika Kasulu, na kwa kipindi hiki ni mara mbili tu: Jumamosi ya tarehe 14 mwezi huu, na 30 Agosti.

Mimi nina mizinga sita juu ya kijito. Mahali pazuri kuliko pote msituni. Nilipafyeka peke yangu, mbao nilipasua, misumari nilipiga. Baiskeli nilijifunza mwenyewe, nyumba nilijenga mwenyewe, hata kusoma saa hakuna aliyenionyesha. Leo Venanti mimi naambiwa nikathibitishe kwamba najua nyuki! Nyuki wamekaa kwangu miaka miwili. Kama sijui, mbona hawajahama?

Jirani yangu Evaristi cheti anacho tangu mwaka jana. Mizinga yake iko kule kwenye mawe, maji hakuna. Leo nimemkuta kwenye nafasi yangu anatembea polepole. Nikamuuliza anatafuta nini. Ati ananyoosha miguu. Amenyoosha hatua thelathini na mbili kwa urefu na kumi na tisa kwa upana. Nilikuwa nazihesabu.

Mke wangu Nadine anasema niende kwa mdogo wake, Apoline, anifundishe. Apoline ana miaka ishirini na sita, nyuki kafuga minne, na watu wanatoka hadi Munanila kuja kumuuliza mambo. Nimekwenda. Kacheka mpaka kashika mlango. Kasema shemeji, nyuki hawasomwi kwa siku kumi na mbili. Yeye mizinga yake ameifungua kila baada ya wiki mbili kwa miaka yote minne na bado kuna siku wanamshangaza.

Hapo akakosea. Alinitajia namba.

Kila wiki mbili ni mara ishirini na sita kwa mwaka. Kwa miaka minne, mara mia na nne. Basi! Ujuzi wote wa Apoline, ukiukamua, ni kufungua mzinga mara 104. Kuanzia kesho, ukitoa Jumapili, nina siku kumi kabla ya mtihani. Mara kumi na moja kwa siku: 110. Nitampita kwa mara sita, wala sitamwambia mtu asante.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza saa moja kamili. Kofia ya wavu, glavu, bomba la moshi.

Mara ya kwanza, mzinga wa kwanza. Wapole kabisa. Mara ya pili, mzinga uleule, ili elimu isitawanyike. Wamenguruma kidogo. Mara ya tatu wameingia kwenye soksi. Mara ya nne nimefungua nikiwa nimesimama mguu mmoja.

Nimefika mara tisa. Miiba thelathini na mmoja. Nadine kanitolea mmojammoja kwa ukucha. Mwisho akauliza nimeona nini humo ndani mara zote tisa.

Nikamwambia: nyuki.

Alhamisi, 5 Juni

Jana nilifungua mara kumi na mbili, nikafidia pungufu moja. Saba kati ya hizo mzinga wa pili. Leo asubuhi mzinga wa pili ni mtupu. Masega yapo, asali wamebeba, wenyewe hawapo. Hawakuacha hata mmoja wa kuniambia.

Nimewafuata kwa masikio mpaka kwenye mawe. Wameingia kwenye mzinga wa Evaristi uliokuwa umekaa wazi tangu Pasaka! Nikamwambia nyuki wangu hao. Akauliza nimewatambuaje, au niwaite kwa majina waitike? Nikasema nawajua kwa hasira yao. Akasema ego, yaani ndiyo, sogea basi wakusalimie.

Wamenisalimia mara kumi na mbili. Hizo siziingizi kwenye hesabu. Wale si wa kwangu tena.

Hesabu yenyewe inatia moyo. Juzi miiba 31 kwa mara tisa: zaidi ya mitatu kila mara. Jana miiba 27 kwa mara kumi na mbili: miwili na robo. Inashuka! Kwa mwendo huu nitafika siku nifungue mzinga nikiwa na singlendi.

Nilipomweleza Apoline, alisema inashuka kwa sababu nyuki wanapungua. Kasimama uani kwangu, mikono kiunoni. Ati mtu akija kwangu mara kumi na moja kwa siku kuinua bati la nyumba achungulie nimelalaje, ningekaa? Nikasema inategemea amekuja kwa nia gani. Kageuka, kamwambia dada yake afiche bomba la moshi.

Nadine amelificha. Ndugu wa damu hao. Mimi ni mgeni nyumbani kwangu.

Jumamosi, 7 Juni

Njia nyingine, na hii haina miiba.

Apoline ana daftari. Kila alipofungua mzinga aliandika alichokiona. Kurasa tisini na sita, pande zote. Elimu yote iko mle, imeshatolewa kwa nyuki, imekauka! Nilikuwa nimepanga kuliazima wakati yuko kwaya, lakini nikajaribu kuomba kwanza. Akanipa palepale. Kasema soma tu shemeji, itakusaidia kujua namna ya kutazama, lakini kumbuka hayo ni ya mizinga yangu, kila mzinga una mambo yake na mwaka wake. Akaendelea kusema. Mimi nilikuwa nimeshaanza kugawanya: kurasa 96 kwa siku sita, kumi na sita kila siku. Kesho Jumapili nasoma pia. Kusoma si kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Daftari nalijua kama sala.

Nadine ananitahini huku anachambua maharage. Mzinga wa kwanza? Wapole, asali nyingi upande wa jua. Mzinga wa tatu? Malkia mzee, wakali, siafu wanapanda mguu wa kushoto, mwaga majivu. Mzinga wa nne? Panya alitoboa kona, ziba. Sikukosea hata kimoja. Nadine kasema haya, lakini nimeuliza mizinga ya mdogo wangu au ya Kasulu? Wanawake wa ukoo huu hawajui kupongeza.

Evaristi amepita leo na kamba. Anasema anatafuta mbuzi. Mbuzi gani anapimwa kwa kamba yenye mafundo kila mita?

Jumamosi, 14 Juni. Kasulu

Naandika kwa jicho moja. Lingine limefungwa.

Nilitoka Busunzu alfajiri. Pale gari liliposimama nikanunua kichane cha ndizi mbivu, nikala tano, tatu nikatia mfukoni kwa ajili ya mchana. Watahiniwa tulikuwa saba. Mkufunzi anaitwa Nurudini, mtu mwembamba, maneno yake ya kupima kwa kijiko. Akatupeleka kwenye manzuki yao, shamba lao la nyuki nje ya mji, mizinga imepangwa na namba zake. Akaniambia nichague mmoja, niueleze.

Nikachagua wa tatu. Sikuugusa hata. Nikasimama mbali kidogo, nikasema kwa sauti: malkia mzee, wakali, siafu wanapanda mguu wa kushoto, mwaga majivu.

Nurudini akaenda, akainua kifuniko, akatoa glavu jozi nne na kopo la kiberiti. Mzinga wa tatu wanautumia kama kabati.

Akasema tujaribu wa nne. Nikasema panya alitoboa kona. Akasema fungua, bwana. Nikafungua. Wametoka wote kama walionisubiri. Wenzangu sita wamesimama palepale, hakuna aliyeguswa. Mimi peke yangu! Nimekimbia nikapita kwenye mihogo ya watu, nikarudi, nikapita tena.

Nilipotulia Nurudini kauliza swali moja tu: nani kala ndizi? Kumbe nyuki akiuma hutoa harufu ya kuita wenzake vitani, na harufu hiyo ni ndugu ya ndizi mbivu. Mimi nilikuwa nayo mdomoni, mikononi, na mbiu tatu za vita mfukoni. Sasa jamani, mkoa huu nani anaamka asile ndizi? Hilo kwenye daftari la Apoline halipo! Labda kwa sababu yeye hajawahi kuhitaji kujiandikia.

Nimepata kumi na moja kwa mia. Nikauliza kumi na moja hizo ni za nini. Kasema za kufika kwa wakati.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa Apoline baada ya ibada. Nimekwenda kwa miguu yangu, uso umejaa kama mkate. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Nikamwambia ukweli. Nimebakiwa na mtihani mmoja. Nikiukosa, mizinga inatoka msituni na Evaristi anaingia pale kwenye kijito na kamba yake.

Kakubali, ila masharti ni yake. Kila Jumamosi, muda wa saa mbili tu. Jumamosi nne za mwanzo nisiguse mzinga. Nikae juu ya jiwe, ubavuni mwa mzinga, hatua tatu, nitazame mlango. Basi. Nikauliza nitazame nini. Kasema wewe tazama.

Kabla ya mtihani kuna Jumamosi kumi. Saa ishirini. Apoline kwa miaka minne, mimi saa ishirini, na nusu yake karibu naangalia mlango! Huu ni wivu. Hataki nimfikie.

Jumamosi, 28 Juni

Jumamosi ya pili juu ya jiwe. Ya kwanza nililala.

Leo, kwa uchungu tu, nimeanza kuhesabu. Nyuki anayerudi kutoka porini mara nyingine ana vidonge viwili miguuni, vya njano, kama amevaa mifuko. Apoline anasema ni chavua, chakula cha watoto. Nikawahesabu wenye mifuko kwa dakika moja ya saa yangu. Mzinga wa kwanza: kumi na wanne. Wa tatu: kumi na watatu. Wa nne: kumi na mmoja. Wa tano: kumi na watano. Wa sita: kumi na wawili.

Nimeandika kwenye karatasi. Apoline kaitazama karatasi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kauliza nani kaniambia nifanye hivyo. Nikasema hakuna, mimi huhesabu. Kasema endelea kuhesabu, shemeji.

Nimefurahi kidogo. Haina maana yoyote.

Jumamosi, 19 Julai

Leo kuna jambo.

Mzinga wa tano. Jumamosi ya pili nyuki wenye chavua walikuwa kumi na watano kwa dakika. Ya tatu kumi na watatu. Ya nne sita. Leo wawili. Mizinga mingine haijatikisika. Nikahesabu mara tatu nikidhani saa imeharibika. Wawili.

Nikamwita Apoline. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake hakutia utani. Kainama, kaweka sikio ubavuni mwa mzinga, kaniita na mimi. Nimesikia! Si ngurumo ya hasira. Ni mvumo wa kupanda na kushuka, kama watu waliojaa uwanjani na mgeni rasmi hajafika. Nikamwambia hivyo. Kasema ego, ndivyo. Hawana malkia.

Tukafungua, taratibu, moshi kidogo. Hakuna yai hata moja. Hakuna anayehitaji chavua kwa sababu hakuna mtoto wa kulisha: ndiyo maana ya namba yangu! Apoline akatoa sega lenye mayai kutoka mzinga wa kwanza, mayai madogo kama vipande vya uzi mweupe, akanikabidhi nilipeleke wa tano. Watajilelea malkia mwingine wenyewe. Nimelibeba mikononi hatua kumi na mbili, nyuki wakitembea juu ya vidole vyangu.

Mwiba mmoja. Na ulikuwa haki yangu, nilimkalia.

Nikauliza niurudie lini mzinga huo kuuangalia, kesho? Kasema wiki nne. Nikasema mbili. Kasema Venanti! Hajawahi kuniita kwa jina.

Nne basi.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki nne nimekaa juu ya jiwe nikihesabu mlango wa tano. Wawili. Mmoja. Mmoja. Leo kumi na wawili!

Tumefungua. Mayai. Sega zima, kila tundu na yake, yamesimama wima. Mimi ndiye niliyeyaona kwanza, Apoline alikuwa anatazama upande mwingine. Malkia mwenyewe kapita, mrefu, mwekundu, anakimbilia shughuli zake. Nilipiga kelele. Mwiba mmoja, kwa kelele.

Na mzinga wa pili, ule mtupu, umeingiwa na kundi jipya. Sijafanya kitu. Nilikuwa nimeuacha tu. Mizinga sita tena.

Nadine anasema jioni hii nimezungumza saa nzima juu ya mayai na sikumtaja Evaristi. Kumbe! Evaristi ni mwizi wa hatua.

Jumamosi, 30 Agosti. Kasulu

Asubuhi nimekula kiporo cha ugali. Mikono nimenawa kwa maji matupu.

Nurudini kanikumbuka. Kauliza kama leo ningependa mzinga wa tatu. Wenzangu wakacheka, nami nikaacha wacheke. Akanipa wa saba. Nikaomba ruhusa nikae kwanza. Nikatafuta jiwe, nikalivuta ubavuni, nikatoa saa. Dakika kumi. Mmoja akauliza kwa sauti kama mzee amechoka na safari. Nikasogea nikaweka sikio.

Nikamwambia Nurudini: mzinga wa saba hauna tatizo, chavua kumi na watatu kwa dakika, mvumo umetulia. Lakini huyu jirani yake wa nane, ambaye hukuniuliza, ana watatu tu na ndani wanalia. Sidhani kama kuna malkia.

Kafungua wa nane yeye mwenyewe. Katazama sega, sega, sega. Kafunga. Akasema walikuwa hawajajua.

Themanini na nane kwa mia! Cheti kina muhuri na jina langu kamili, Venanti Ndayisenga, bila kosa. Nurudini kauliza nimefundishwa na nani. Nilikuwa nimeandaa jibu tangu Busunzu: mwenyewe. Mdomo ukaponyoka, ukasema Apoline. Sijui ilikuwaje.

Si hivyo tu. Chama kinataka mtu wa kufundisha wanaoanza pale Busunzu. Watu kumi, kila Jumamosi saa mbili, Jumamosi kumi na sita. Nurudini kasema jicho lake liko kwangu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Nimerudi. Evaristi alikuwa kwenye nafasi yangu na vigingi vinne. Nikamwonyesha cheti. Kakisoma chote, hata upande wa nyuma ambako hakuna kitu. Nikamsaidia kubeba vigingi mpaka kwenye mawe. Vizito.

Jumapili, 31 Agosti

Usingizi sikupata vizuri kwa furaha, nikawa nafanya hesabu.

Nilidhani ubingwa ni mara 104. Nilikosea, nakiri. Mimi nimefika kwa Jumamosi kumi za saa mbili: saa ishirini. Kwa hiyo ubingwa ni saa ishirini! Mtu akifanya kazi saa kumi kwa siku, ni siku mbili. Halafu wao wanataka niwafundishe watu kumi kwa Jumamosi kumi na sita, mpaka Desemba, mvua zimeshanyesha! Ni kuwachosha wananchi.

Nimemweleza Apoline baada ya ibada. Kakaa chini kwenye ngazi. Kasema shemeji, si zile saa, ni siku za katikati. Malkia yule wa mzinga wa tano alilelewa siku za katikati. Hata wewe, kasema, umekomaa Jumatatu na Jumanne ukiwa umelala unaota mlango wa mzinga.

Nimefikiria sana maneno hayo. Kweli tupu: siku za katikati sikufanya kitu chochote. Ndiyo maana nimezikata.

Kozi inaanza kesho saa moja na inafungwa Jumanne saa kumi na moja jioni. Watu kumi, mizinga sita. Kila mmoja afungue mara kumi, wote wapate haki sawa: mara mia, kwa siku mbili. Nimewaambia waje na soksi nzito. Apoline kauliza kama nyuki nao nimewaarifu. Utani wa mashemeji hauishi.

Ratiba nimeiandika kwa kalamu nene. Nimeibandika mzinga wa kwanza, mbele, juu kidogo ya mlango, wote waione.